Shirika Jipya la Ndege za Bei Nafuu Limekupa Kazi: Soma Hii Kabla Hujasaini

Barua ya ajira ya shirika jipya la ndege huwa na tarakimu moja iliyokolezwa wino: mshahara wa mwezi. Ndiyo tarakimu inayokuambia machache kuliko zote zilizomo humo. Kuna rubani aliyeanza na mshahara wa kupendeza akaishia kudai miezi mitatu asiyolipwa, na kuna aliyeanza na fedha ya kodi ya nyumba na mchele, akaondoka baada ya miaka miwili akiwa na saa 1,500 za jeti kwenye logibuku, daftari lake la saa za kuruka.

Mwongozo huu ni wa rubani wa Afrika Mashariki mwenye leseni ya urubani wa kibiashara, labda ana saa 250 tu, labda 1,200 za Cessna Caravan kati ya Arusha na Seronera, na sasa ameitwa na shirika linaloanza au lenye mwaka mmoja au miwili sokoni. Msimamo wangu nausema mapema: kwenye shirika changa unabeba sehemu ya hatari ya mwenye shirika, na malipo yake makubwa ni saa na aina ya ndege utakayoondoka nayo, kuliko fedha. Ukilikubali hilo, barua ile utaisoma kwa jicho jingine.

Hatua ya kwanza: elewa shirika la bei nafuu linaishije

Mafuta hununuliwa kwa dola. Ndege hukodiwa, na kodi hiyo hulipwa kwa dola. Vipuri, simuleta (mashine ya mafunzo inayoigiza urushaji wa ndege), bima, vyote dola. Abiria wa Mwanza au Kisumu analipa kwa shilingi. Shilingi ikiyumba, mkurugenzi hana namna ya kumwambia mwenye ndege aliyeko Dublin apunguze kodi. Anachoweza kukigusa kesho asubuhi ni mishahara, posho na mafunzo. Ndiyo maana katika mashirika haya mshahara wa rubani hujadiliwa kila mara, hata pale ambapo hakuna aliyeuliza.

Upande wa pili, biashara yenyewe inakufaa. Shirika la bei nafuu hupata faida kwa kuifanyisha ndege kazi: aina moja ya ndege, kugeuza kituoni kwa dakika 25 au 30, ndege kuwa hewani saa 11 au 12 kwa siku, na jioni kurudi nyumbani ilikotoka. Kwako maana yake ni miruko minne kwa siku, saa zinazojaa haraka, kulala kitandani kwako, na posho ya safari ndogo sana, kwa sababu hulali hotelini. Anayetoka shirika la zamani akidhani posho itamjazia mshahara, hapa atapigwa na butwaa.

Sasa tazama historia, maana haijifichi. Fastjet ilianza Dar es Salaam Novemba 2012 na Airbus A319, Mwanza na Kilimanjaro zikiwa njia zake za mwanzo, na nauli zilizowafanya watu waache basi. Desemba 2018 Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, ilitoa notisi ya kusudio la kuifutia leseni, ikitaja madeni na ukosefu wa ndege. Jambojet ilianza Aprili 2014 chini ya mbawa za Kenya Airways na bado inaruka. Moja ilitegemea wawekezaji wa mbali, nyingine ilizaliwa ndani ya shirika lenye ndege, mafundi na simuleta tayari. Tofauti hiyo ina uzito kuliko rangi za mkia na matangazo ya redio.

Marekani kulikuwa na Skybus ya Columbus, Ohio, iliyoanza Mei 2007 ikiuza viti kadhaa vya kila safari kwa dola 10. Kapteni alilipwa dola 65,000 kwa mwaka na rubani msaidizi 30,000, chini kabisa ya soko la huko, kwa ahadi ya kupanda cheo haraka na hisa za kampuni. Mafuta yakapita dola 100 kwa pipa, na Aprili 2008 ikafunga kabla ya kutimiza mwaka, wiki ileile Aloha na ATA zilipositisha safari. Kwa hiyo marubani wa mashirika matatu walikuwa wakitafuta kazi kwa pamoja. Hisa za kampuni iliyokufa hazilipi ada ya mtoto.

Wala usidhani Ghuba ni tofauti kwa kuwa kuna fedha. Wizz Air Abu Dhabi ilianza kuruka Januari 2021, na Julai 2025 ikatangaza kwamba itasimama ifikapo tarehe 1 Septemba. Sababu zilizotajwa ni injini kuchoka mapema kwenye joto, kufungwa kwa anga kutokana na migogoro, na ugumu wa kupata haki za njia. Hakuna kosa la rubani hata moja hapo. Uganda, Juni 2014, Air Uganda ilisimama baada ya mamlaka ya anga ya nchi kuondoa vyeti vya uendeshaji kufuatia ukaguzi wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga. Shirika linaweza kufa kwa sababu ya ofisi ambayo hata si yake.

Hatua ya pili: lipime shirika kabla ya kupima mshahara

Anza na cheti cha uendeshaji, kile kinachoitwa AOC. Je, kimeshatoka au "kiko mbioni"? Shirika lisilo na AOC haliwezi kukurusha, na mchakato wake una hatua tano ambazo huweza kukwama miezi mingi. Ukisaini kabla cheti hakijatoka, mkataba useme utalipwa kuanzia lini: siku ya kuripoti, siku ya kuanza darasa, au siku ya safari ya kwanza ya abiria. Nafasi hiyo ikiachwa wazi, utakaa kwenye mafunzo yasiyoisha huku ukila akiba yako.

Kisha uliza ndege ziko ngapi, za nani, na zimekodiwa kwa mtindo gani. Ndege zikija na marubani na mafundi wa mwenye ndege, wewe mwenyeji utakuwa mtazamaji kwa muda. Shirika la ndege moja nalo lina tatizo lake la wazi: ndege ikiingia karakana, kampuni nzima imeingia karakana.

Uliza pia majina ya wakuu watatu: wa uendeshaji wa safari, wa mafunzo na wa usalama. Mamlaka haitoi AOC bila watu hao kukubaliwa. Kama mmoja ameondoka ndani ya miezi michache, mtafute, mnunulie kahawa, msikilize. Marubani wa ukanda huu wanajuana. Huhitaji zaidi ya simu mbili kumfikia.

Halafu nenda kwenye apron, yaani maegesho ya ndege, au kwa rafiki anayefanya kazi huko, umuulize dereva wa bauza la mafuta. Huyu anajua hali ya kampuni kuliko mhasibu wake. Shirika lenye akaunti nzuri hujaziwa, karatasi inasainiwa, bauza linaondoka. Shirika lililoishiwa, bauza linafika, linasimama kando ya bawa, dereva anashika simu akisubiri ofisini wamthibitishie kwamba fedha imeingia, na abiria wamekwishafunga mikanda. Ukiona hivyo mara mbili kwa wiki moja, barua yako ya ajira imeshajieleza.

Hatua ya tatu: uvunje mshahara vipande

Hapa ndipo pa kukaa na kalamu. Tuseme una barua mbili. Ya kwanza inatoa dola 3,000 kwa mwezi, saa 70 za kuruka zimo ndani, na kila saa ya ziada ni dola 30. Ya pili inatoa msingi wa dola 1,200 na dola 35 kwa kila saa utakayoruka, na meneja anakuambia hapa hakuna anayeruka chini ya 80.

Kwa saa 80, barua ya kwanza inakupa 3,300, ya pili 4,000. Wengi huishia hapo na kusaini ya pili. Endelea kuhesabu. Ndege moja kati ya mbili imeenda matengenezo makubwa Addis Ababa kwa wiki tatu, zimekuwa saba. Mwezi huo umeruka saa 30: ya kwanza inabaki 3,000, ya pili inashuka 2,250. Ndege zote zikisimama, ya kwanza 3,000, ya pili 1,200. Barua ya pili inakuwa bora tu ukivuka saa 52 hivi kila mwezi, na shirika changa ndilo lisiloweza kukuahidi hizo.

Kwa hiyo swali la kwanza mezani ni saa za dhamana: ni ngapi ninalipwa hata nisiporuka? Marekani dhamana ya saa 70 hadi 75 kwa mwezi ni jambo la kawaida. Kwetu mara nyingi hulipati bila kuliomba, na ukiliomba kwa adabu hakuna anayekuchukia.

Swali la pili: saa inahesabiwaje? Kawaida ni tangu ndege inapoanza kusogea kutoka maegesho hadi inaposimama na kuzima injini. Lakini fikiria njia ya Dar es Salaam na Zanzibar. Hewani ni kama dakika 20. Unaweza kufanya miruko sita, ukapakia na kushusha abiria mara sita, ukatoka jasho siku nzima, na logibuku ikaandika saa tatu na ushee. Kwenye njia fupi dai malipo kwa kila mruko, au mchanganyiko wa mruko na saa. Kwenye njia ndefu malipo ya saa yanakufaa zaidi.

Swali la tatu: siku za kusubiri nyumbani na simu mkononi zinalipwa? Za darasani na za simuleta je? Siku uliyosafiri kama abiria kwenda kuchukua ndege?

Sarafu nayo. Mkataba ukiandika dola lakini ukalipwa shilingi, uandike kiwango cha siku gani na cha benki gani. Bila hivyo kampuni itatumia kiwango cha siku iliyoipendeza.

Sasa kodi. Tanzania, kipato cha mwezi kinachozidi shilingi milioni moja hukatwa asilimia 30. Kenya, kinachozidi shilingi 800,000 kwa mwezi hukatwa asilimia 35. Bado kuna mifuko ya hifadhi ya jamii. Baadhi ya mashirika hukwepa mzigo huo kwa kukuandikia msingi mdogo na posho kubwa, na rubani hufurahia kwa sababu mkononi panaongezeka. Mimi siupendi mtindo huo hata kidogo. Kwa sheria ya ajira ya Tanzania ya 2004, kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka kumi. Msingi ukiwa mdogo, na mafao yako ni madogo. Benki nayo ikikupimia mkopo wa nyumba hutazama msingi, haitazami posho ya chakula.

Hatua ya nne: bondi

Mafunzo ya taipu, yaani ruhusa ya kurusha Boeing 737 au Airbus A320, huwa kati ya dola 20,000 na 35,000, na ya ndege za propela kama ATR au Dash 8 ni gharama kubwa vilevile kwa mfuko wa kawaida. Shirika likikulipia, ni haki yake kutaka ukae muda fulani au urudishe gharama, na hiyo ndiyo bondi. Ugomvi uko kwenye masharti.

Chukua bondi ya dola 24,000 kwa miezi 36. Bondi ya haki hupungua kila mwezi, kama dola 667. Ukiondoka baada ya miezi kumi unadaiwa 17,333, si 24,000. Nimesoma mikataba ambayo deni linabaki zima hadi siku ya mwisho ya mwezi wa 36. Huo si utaratibu wa kufidia gharama, ni kamba. Sharti la pili: ukiachishwa kwa kupunguzwa kazi, au shirika likifungwa, likinyang'anywa cheti au lisipokulipa miezi miwili mfululizo, bondi ife hapohapo. Liandikwe kwa maneno hayo. Mfilisi wa kampuni huja kukusanya madeni, na rubani mwenye bondi isiyo na sharti hilo anaweza kujikuta kwenye orodha ya wadaiwa badala ya wadai.

Kuna bondi nyingine ya kukatwa mshahara moja kwa moja. Irudie ile barua ya pili: mwezi ambao ndege zimesimama unalipwa 1,200, ukikatwa 667 unabaki na 533 kabla ya kodi. Weka kikomo kwamba makato hayatazidi sehemu fulani ya malipo ya mwezi huo.

Usiache hundi za tarehe za mbele zilizosainiwa. Usiache leseni halisi wala pasipoti kwenye droo ya mtu. Nakala iliyothibitishwa inawatosha.

Na wakikuambia ulipie mwenyewe ili upate kiti cha rubani msaidizi, yaani taipu ulipie wewe na saa 500 za kwanza uruke bila mshahara au ukilipa juu yake, kataa. Najua shinikizo la familia iliyouza shamba ili usome Afrika Kusini. Lakini shirika linalopata mapato kutoka kwa marubani wake halina haraka ya kukuajiri. Muda wako ukiisha linamwita mwingine mwenye mkopo mpya.

Hatua ya tano: jadili pale unapoweza kushinda

Nguvu yako inategemea uhaba. Mwaka 2009 ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, wakafa watu 50, na Marekani ikaja kuweka sharti, kuanzia 2013, kwamba hata rubani msaidizi wa shirika la abiria awe na saa 1,500 kwa kawaida. Marubani wakapungua, na kufikia 2022 mashirika madogo yanayomilikiwa na American Airlines yakawa yanamlipa rubani msaidizi wa mwaka wa kwanza dola 90 kwa saa. Hakuna aliyewaonea huruma, soko liliwalazimisha.

Kwetu uhaba si wa vijana wenye saa 200. Uhaba ni wa makapteni wenye taipu na wakufunzi. Kama wewe ni kapteni, bana kwenye fedha, dhamana na bondi. Kama ndiyo kwanza unaanza, hutashinda kwenye fedha. Bana kwenye masharti ya kufa kwa bondi, dhamana ya saa hata 50, na njia iliyoandikwa ya kupanda ukapteni: saa ngapi, mtihani gani, na nani anaamua. Kupanda haraka ndilo jambo pekee ambalo shirika changa linakupa na shirika kongwe haliwezi, kwa sababu hakuna foleni ya waliokutangulia. Likikosekana, sioni kwa nini ujiunge.

Hatua ya sita: ukishaanza, linda karatasi zako

Shirika linapofungwa, ofisi hufungwa kwa kufuli siku hiyohiyo, na kumbukumbu zako za mafunzo zimo ndani. Miezi sita baadaye mwajiri mpya anaomba uthibitisho wa saa 900 unazodai. Simu ya ofisi ya zamani haipatikani. Barua pepe inarudi. Saa zako zipo, lakini hakuna wa kuziapia.

Dawa yake ni kazi ya dakika chache. Kila mwisho wa mwezi, mkuu wa marubani asaini na kugonga muhuri kwenye logibuku, kisha uipige picha na kuihifadhi nje ya simu yako. Kila ukitoka simuleta, ondoka na nakala ya fomu ya tathmini, usisubiri kutumiwa. Weka cheti cha taipu, kozi ya bidhaa hatari, ya dharura na vifaa vya usalama, na ya ushirikiano wa wahudumu. Kila mwaka omba barua fupi inayosema jumla ya saa zako, ngapi ukiwa kapteni, na kwamba hujahusika na ajali. Ukiiomba wakati kila mtu ana furaha, unapewa siku hiyohiyo.

Jingine ni uhai wa taipu. Ili kubeba abiria unatakiwa uwe umeruka na kutua mara tatu ndani ya siku 90, na kuna mitihani ya kila kipindi kwenye simuleta. Ndege zikisimama miezi minne, wewe pia umeanza kupoteza thamani sokoni. Akiba ya miezi sita ya matumizi inatakiwa kuwa pamoja na nauli na gharama ya kikao kimoja cha simuleta nje ya nchi. Kama unaweza, kata bima ya kupoteza leseni kwa ugonjwa. Cheti cha afya cha daraja la kwanza kikikataliwa, hakuna mkataba utakaokusaidia.

Kuhusu usalama nitasema kifupi, kwa sababu hapana mjadala. Sheria nyingi zinakuwekea kikomo cha saa 100 za kuruka ndani ya siku 28, na 900 au 1,000 kwa mwaka. Shirika lenye marubani wachache litakuomba "saidia leo tu". Leseni ina jina lako, na kwenye ripoti ya ajali ni jina lako litakalosomwa. Ukiwa umechoka andika ripoti ya uchovu, na ubaki na nakala.

Hatua ya saba: kujua wakati wa kuondoka

Dalili hufuatana kwa mpangilio unaotabirika. Kwanza posho inachelewa, mshahara unakuja. Kisha mshahara unakuja nusu. Michango ya hifadhi ya jamii inakatwa kwenye karatasi ya malipo lakini haionekani kwenye akaunti yako ya mfuko, na hili unaweza kulikagua kwa simu leo hii. Simuleta inaahirishwa na kuombewa muda kwa mamlaka. Wa uhasibu wanaanza kuacha kazi. Mafundi wanatoa kipuri kwenye ndege moja kukitia kwenye nyingine. Ukifika hapo, tuma maombi kwingine ukiwa bado unaruka, maana mwajiri humtaka rubani aliyeruka wiki iliyopita.

Ukiondoka, fuata notisi ya mkataba. Kwa anayelipwa kwa mwezi, sheria ya Tanzania inataka isiyopungua siku 28, na ya Kenya vivyo hivyo. Usipotee kimyakimya hata kama wanakudai wao au unawadai wewe. Ukipunguzwa kazi Kenya, unastahili angalau siku 15 za malipo kwa kila mwaka uliokamilika.

Kama ni Tanzania na umeachishwa isivyo halali, peleka malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Kwa mishahara isiyolipwa na madai mengine ni siku 60. Jaza fomu namba 1, ambatanisha mkataba, karatasi za malipo na rosta, kisha mpe mwajiri nakala na upate saini ya kupokea. Siku hizo hazisimami kwa sababu meneja ameandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba mwekezaji mpya anatua Ijumaa.